Gari Iliyopita Makunduchi Bila ya Kusimama

Siku Bi Ulfat aliposema atakwenda Njombe kwa gari yake mwenyewe, watu wa Fumba walicheka mpaka wakashika mbavu. Si kwamba hawakumjua. Mwanamke aliyebeba mwani kutoka pwani ya Fumba mpaka ghalani mjini miaka nenda miaka rudi, usukani kaushika mwenyewe na buibui kalikunja magotini, nani atamcheka kwa kuendesha? Walichokicheka ni gari. Landcruiser ile kaiacha marehemu mumewe, Mabrouk, na Mabrouk aliinunua ikiwa tayari imeshachoka kwa mtu mwengine. Chumvi ya mwani ilikuwa imeitafuna chini kwa chini, na mlango wa nyuma ulifungwa kwa kamba.

"Njombe ipi?" jirani mmoja alimuuliza. "Ile ya milimani?"

"Kwani unazijua ngapi?" akajibu, akaendelea kupakia magunia.

Ndivyo alivyo. Ukimuuliza la kipuuzi atakujibu la kipuuzi, kisha atakuacha hapo umesimama na yeye ana kazi zake. Mrefu, mkavu, sauti nzito, na neno lake likishatoka halirudi. Wako wanaomwita mkaidi. Wanamwonea tu. Mkaidi ni yule asiyesikia, na Bi Ulfat husikia kila anachoambiwa, ila kukifuata ndiyo hajisumbui.

Na safari yenyewe haikuwa ya matembezi. Mwanawe wa pekee, Sumaiya, alisoma chuo bara, akaolewa huko na Yussuf, kijana mpole mwenye shamba la parachichi Njombe. Sasa Sumaiya ana mimba. Kwetu Unguja mimba ya mwanzo haizaliwi ugenini. Mtoto wa kike hurudi kwao tumbo likishakuwa kubwa, akazaa mbele ya mamake, akakandwa kwa maji ya moto, akafungwa tumbo, akanyweshwa uji wa pilipili manga mpaka arubaini itoke. Ni haki yake, na mama asiyempa mwanawe haki hiyo husemwa mpaka anaingia kaburini. Lakini daktari kamkataza Sumaiya kusafiri, hata kwenda sokoni asithubutu, kwa sababu kabla ya hii iliwahi kutoka nyengine. Habari za ile iliyotoka Bi Ulfat alizipata kwa simu, yuko pwani na magunia yake, asiwe na la kufanya ila kukaa kitako juu ya mchanga na kulia.

"Basi kama mzazi hawezi kwenda kwao," alisema safari hii, "kwao kutamwendea mzazi."

Huko kwao maana yake ni Bi Kazija, mamake Bi Ulfat, mkandaji aliyewakanda wazazi wa Fumba wote wakishajifungua, na wengine akawakanda wao kisha akawakanda binti zao. Mikono yake bado ina nguvu. Taabu ni goti la kulia, lilivunjika zamani na tangu hapo halikunji, kwa hiyo bibi wa watu hukaa mguu kaunyoosha mbele kama anayetaka kumtega mpita njia. Mguu ule hauingii katika kiti cha basi wala cha ndege. Lakini ukiondoa viti vya nyuma vya Landcruiser ukatandika godoro, Bi Kazija analala na mguu wake kama malkia. Gari ile ndiyo iliyokuwa njia, na nyengine haikuwepo.

Akaipeleka kwa Anwar, fundi wa Kiembe Samaki, mtu mwenye mwili mkubwa na kicheko kikubwa zaidi. Anwar akaifumua. Akachomelea chesisi palipoliwa na kutu, akabadilisha breki, springi, mkanda wa feni, tairi zote, na mlango wa nyuma ukapata kitasa. Bi Ulfat alikuwa akifika kila siku akimaliza kazi zake, anakaa juu ya debe, anatazama kila skrubu inavyokazwa. Anwar alikuwa akimwambia nenda nyumbani mama, utapigwa na jua, naye anajibu kwamba jua hata Fumba liko.

Mwisho Anwar akalipiga boneti kofi la mapenzi. "Bi Ulfat, gari nzima hii. Nenda Njombe, na ukitaka pitiliza mpaka Zambia."

"Imewahi kwenda mbali wapi?"

"Gari hii? Nungwi."

"Nungwi na Njombe wapi na wapi, Anwar? Tangu ije kisiwani haijawahi kuwaka nusu ya siku bila ya kuzimwa. Wewe unaniambia nzima, mimi naona haijaulizwa swali."

Anwar akajikuna kichwa. "Na utaijaribia wapi? Kisiwa chenyewe kinakwisha mashine haijatoka jasho."

"Kikisha nnaanza tena."

Hivyo ndivyo alivyopanga. Atapakia mifuko ya mchanga yenye uzito wa mizigo ya safari, atatoka baada ya sala ya alfajiri, na atakizunguka kisiwa chote mara mbili bila ya kuzima na bila ya kusimama, isipokuwa askari akinyoosha mkono. Bi Kazija akasema naye anakwenda. "Na mimi nijaribiwe," alisema. "Isije gari ikafika Njombe nzima, mkandaji kavunjika." Wakatandika godoro.

Sasa hapo pana jambo ambalo mtu wa bara hatalijua. Unguja hatupitani. Kumpita jamaa yako mlangoni kwake bila ya kusimama ni kumtangazia ugomvi, na yeye atatafuta mpaka apate sababu. Ukitoka Fumba kwenda Makunduchi utasimama Tunguu kuwapa pole waliofiwa, utasimama Kitogani kumwangalia mgonjwa, kila pahala kikombe cha chai, na ukifika unakokwenda umeshashiba. Gari nazo zimezoea hivyo hivyo. Zinakwenda kidogo, zinapumzika kivulini, zinakwenda tena. Bi Ulfat alilijua hilo vizuri, na ndilo hasa alilotaka kulivunja.

Kule Makunduchi, nyumba yake ikitazama barabara, anakaa Bi Wanu, dada wa marehemu Mabrouk. Sijui nani alimpigia simu, lakini asubuhi ile alikuwa keshaambiwa wifi yake anakuja. Akateleka chai ya maziwa, akachoma mikate ya ufuta, akavaa kanga mpya, akasimama nje na sinia. Landcruiser ikatokea. Bi Ulfat akapiga honi, akainua mkono, akapita.

Nyuma juu ya godoro Bi Kazija aligeuza shingo akatazama dirishani mpaka nyumba ikapotea.

"Ulfat, umempita wifi yako."

"Nshamwona, Mama."

"Ana sinia mkononi."

"Na sinia nshaliona."

"Basi wewe huna haya," alisema Bi Kazija, akajilaza.

Jambiani simu ikalia, Bi Kazija akaipokea. Sauti ya Bi Wanu ilisikika gari nzima, lakini maneno ilibidi yafikishwe.

"Anauliza kama nyumbani kwake kuna ndui."

"Mwambie nnajaribu gari, sitakiwi kusimama."

Bi Kazija akamwambia, akasikiliza. "Anasema kaka yake alipokuwa hai, gari hiyo hiyo ilikuwa ikisimama."

Hilo lilimchoma. Bi Ulfat akabadilisha gia, akatazama mbele, na macho yakawa yanamwasha. Angeweza kugeuza. Lakini kule Njombe kuna milima, na mlima hauna wifi wa kukupa chai ukapumzika, kwa hiyo akakanyaga mafuta.

Wakapita Paje, wakarudi Tunguu, wakakata Dunga kwenda Chwaka, wakaifuata pwani Uroa na Kiwengwa mpaka Nungwi, wakashuka kwa Mkokotoni na Mahonda. Kila mji palikuwa na mtu wa kuinuliwa mkono, na kila mkono uliinuliwa ukaachwa nyuma. Kiembe Samaki Anwar alikuwa amesimama nje ya gereji, akawapungia wapite. Mzunguko wa kwanza ukaisha, gari inanguruma vizuri, goti la Bi Kazija halijalalamika. Bi Ulfat akaanza wa pili jua likiwa utosini, roho imemtulia, na karibu aanze kujisifu.

Walipoipita Kitogani akauona mshale wa joto umesogea. Akajiambia ni jua. Akautazama tena, umesogea zaidi. Barabara ile ni bapa kama meza, hakuna hata kilima cha kuteremkia mtoto wa skuli na baskeli, na mshale unapanda. Huko milimani itakuwaje? Wakaingia Makunduchi, boneti ikaanza kutoa mvuke, mashine ikakohoa ikapoteza nguvu, na hapo hapo gari ikakata. Angepewa achague pahala pa kufedheheka asingepata pazuri kuliko pale. Ilikuwa mlangoni kwa Bi Wanu.

Bi Wanu akatoka taratibu huku akijitanda kanga vizuri, akauzunguka mvuke ule, akafika dirishani.

"Karibuni," alisema. "Naona gari ina adabu kuliko mwenyewe."

Akamkamata Bi Kazija mkono, akamshusha kwa heshima zote, akawaingiza ndani. Wali ulikuwa umeshaiva, na mchuzi wa changu, na kila alipowaongezea kijiko aliwaongezea na neno. Bi Ulfat alikula akainamisha kichwa, kwa sababu mwenye wali wake ana haki ya kusema.

Anwar akaja na pikipiki. Mashine ilipopoa akafungua rejeta, akaingiza kidole, akakitoa kimeganda weupe. Akakitazama, kisha akakilamba.

"Bi Ulfat, humu unatia maji gani?"

"Ya kisimani kwetu."

"Kile cha pwani?"

"Sasa nitie ya wapi? Ndiyo maji tuliyo nayo."

Anwar akakaa kitako pale pale chini. Kisima kile maji yake ya chumvichumvi, watu wa Fumba wenyewe hawayanywi wala hawapikii chai. Lakini gari haina ulimi wa kukataa. Mabrouk aliinywesha maji hayo, mkewe akafuata, na kila mwenye gari pale kijijini anafanya hivyo hivyo. Chumvi ikaganda tabaka juu ya tabaka mpaka njia zikawa nyembamba, na kwa safari za kisiwani hapana aliyejua, maana gari ilikuwa ikipumzika kila inapotaka kuumwa. Leo ilipokosa kupumzika, magamba yakabanduka yakaziba.

"Nimekubadilishia kila kitu, hii sikuifungua," alisema Anwar, kicheko chote kimemwisha. "Haivuji, nikaona nitaifungulia nini."

Bi Wanu alikuwa amekaa kizingitini. Sasa akaacha kebehi, akasema kwa upole, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko matusi. "Wifi, basi. Umejaribu kila mtu kaona. Mtoto ana daktari, ana mume mwema. Atamwomba Mungu, atazaa salama. Nyinyi mtakwenda baadaye, kwa utaratibu, mkamwone mtoto keshakuwa anacheka."

Bi Ulfat akaegemea gari. Alikuwa anaogopa, na mbele ya wifi yake hakuona haja ya kulificha hilo.

"Wanu, mara ile ya kwanza mwanangu alinipigia akaniambia, Mama njoo. Nikamwambia tulia, nitakuja. Mimba ikatoka mimi bado naulizia meli. Safari hii hajaniambia njoo. Kila nikimpigia ananiambia mzima, Mama, usijali. Namjua mimi. Akinyamaza huyo ana lake moyoni, na sijui ni lipi. Sitokaa hapa kusubiri simu."

Kisha Bi Wanu akamgeukia fundi. "Hiyo rejeta mpya inapatikana mjini?"

"Darajani haikosekani."

"Na wewe," akamwambia wifi yake, "ukishatengeneza utaijaribu tena, na hapa utapita tena bila ya kusimama."

"Nitapita, wifi."

"Haya. Na mimi nitajua la kufanya."

Rejeta ikapatikana kwa muuza spea wa Darajani, baada ya Bi Ulfat kuyapitia maduka yote kwa miguu na kuirudisha ile ya mwanzo aliyopewa kwa sababu aliiona ina kiraka. Anwar akazisafisha njia za mashine kwa dawa na maji, akasafisha tena, mpaka yakatoka meupe ya kunywika. Bi Ulfat akatia maji ya chupa. Watu wa Fumba walipomwona anainywesha gari maji wanayonunuliwa wageni, wakacheka tena, lakini safari hii wawili watatu walikwenda kimya kimya kufungua rejeta za gari zao.

Asubuhi ya jaribio la pili alitoka na mifuko ile ile ya mchanga na mamake juu ya godoro. Akajiandaa kwa maneno. Alipoingia Makunduchi akamwona Bi Wanu si mlangoni, yuko kando ya barabara, kanga kajifunga kiunoni kama anayekwenda shambani. Bi Ulfat akapunguza mwendo. Bi Wanu akaanza kutembea sambamba na gari, akatembea haraka, akaingiza kifurushi dirishani kwa Bi Kazija.

"Pilipili manga na mdalasini," alisema huku anahema. "Za mzazi. Twende, twende, usisimame."

Kumbe kisiwa kizima keshakipigia simu. Jambiani shangazi wawili walisubiri na chupa ya asali. Paje mtu akatia mkono na karafuu, Uroa wakatoa samaki wakavu waliofungwa vizuri wasinuke. Kiwengwa mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi na Mabrouk alikimbia na pakiti ya ubani mpaka ndara ikamtoka, akaiacha, akaendelea na mguu mmoja mtupu. Nungwi watu walikuwa wamepanga foleni kama ya msikitini. Kila mtu alitembea hatua zake, akatoa chake, akamtaja Sumaiya kwa dua, akabaki nyuma. Bi Kazija alipokea vyote, akiwaita watu kwa majina yao na ya mama zao, na sauti ikamkauka kwa shukrani.

Bi Ulfat aliendesha huku analia. Alijifuta kwa mkono wa buibui, akautazama mshale, akajifuta tena. Mzunguko wa pili watu waliochelewa mara ya kwanza nao wakatoa vyao, na mshale ukakaa pale pale ulipo, mpaka magharibi, mpaka wakaingia Kiembe Samaki. Anwar akaweka kiganja juu ya boneti, akakiacha hapo, akatabasamu. Wakaumwaga mchanga. Uzito wa zawadi ulikuwa unakaribia kutosha mahali pake.

Simu ya Bi Wanu ilikuja usiku. "Basi wifi," alisema, "hujasimama kwa mtu, na hapana uliyempita. Nenda salama."

Wakavuka na meli ya mizigo, wakaishika njia. Bi Ulfat aliendesha kwa kujiamini, kama amezaliwa katika barabara zile, na madereva wa malori walimpigia honi kwa heshima. Kitonga, pale barabara inapoupanda mlima kwa kona, magari makubwa mawili yalikuwa yameegeshwa pembeni yanafuka. Bi Kazija aliinua kichwa godoroni akautazama ukuta wa msitu. "Yarabi, ardhi ya huku imesimama wima," alisema, akajilaza tena. Mshale ukapanda kidogo, ukatetemeka, na walipofika juu ukashuka.

Njombe iliwapokea kwa baridi na ukungu. Yussuf alitoka nje mbio, akapiga shikamoo huku anafungua milango, akamchukua Bi Kazija kama anayebeba yai. Na Sumaiya akaonekana mlangoni, sweta limemkaza, tumbo mbele yake, kubwa, zima. Alimshika mamake shingoni asimwachie. Bi Kazija hakuwa na wakati wa machozi. Alishaanza kuuliza jiko liko wapi na maji yanachemshiwa nini.

Bi Ulfat akaingia chumbani kuweka vifurushi. Nyuma ya mlango palikuwa na mkoba mkubwa, umefungwa zipu, na juu yake tiketi ya basi la kwenda Dar es Salaam la asubuhi ya siku ya pili yake. Akaichukua akaisoma mara mbili. Jina lilikuwa la Sumaiya.

"Yussuf anajua?" aliuliza, hakugeuka.

"Hajui." Sumaiya alikuwa kasimama mlangoni, sauti ndogo. "Niliona gari ya baba haitafika, Mama. Na mimi peke yangu tena siwezi. Nikasema nnakuja mwenyewe, litakalokuwa na liwe."

Bi Ulfat alikaa kitandani. Alimtazama mwanawe, akalitazama lile tumbo, akafikiria njia yote ile aliyoipita, kona kwa kona, na mtoto huyu ndani ya basi. Kisha akauvuta mkoba, akafungua zipu, akatoa nguo moja baada ya moja, akazitundika.